Sina shahada ya fasihi, nina zamu ya usiku: wasifu wangu niandike nini?

*"Nina umri wa miaka 43. Ni muuguzi kwa mwaka wa 17 sasa, wodi ya upasuaji, na mara nyingi niko zamu ya usiku. Ninaandika. Nina hadithi fupi 11 na riwaya iliyofika katikati ikakwama. Karibu hadithi zote ni za watu wanaosubiri: nje ya mlango, kwenye benchi, kando ya simu. Jarida moja limekubali mojawapo, ya kwanza kukubaliwa katika maisha yangu, na wananitaka niwapelekee wasifu wa maneno yasiyozidi 60. Hapo nimekwama. Nimesoma wasifu wa waandishi na wasanii kwenye kila kitabu nilicho nacho: huyu ana shahada ya uandishi, yule ametuzwa, mwingine alialikwa kukaa mahali miezi mitatu aandike, na wote wanaishi kati ya miji miwili. Mimi nina watoto wawili, naishi mji mmoja, na siku za zamu napata usingizi wa saa nne tu. Je, nimechelewa? Niache kazi ili niwe mwandishi wa kweli? Na hayo maneno 60 niyajaze nini? Mpaka sasa nimeandika hivi: 'Mwandishi chipukizi mwenye kipaji cha kuzaliwa na ndoto ya kuigusa dunia kwa kalamu yake. Ingawa hakubahatika kusomea fasihi, ana mapenzi makubwa na uandishi. Ni mke na mama wa watoto wawili.'"*

Dada yangu, kabla ya lolote, hongera. Jarida limekubali hadithi yako, na wewe umelipitisha jambo hilo harakaharaka katikati ya barua kama mtu anayeomba radhi. Ilibidi nirudi nyuma nisome tena nihakikishe sikuota. Wengi wanaoniandikia wanauliza namna ya kufika hapo ulipo.

Maswali yako matatu yana shina moja. Umesoma wasifu nyuma ya vitabu, ukaamini kwamba unaeleza jinsi mtu anavyokuwa mwandishi, kisha ukajipima nao ukajiona umepungua. Basi nianze na huo wasifu wenyewe, maana nimeuandika kwa miaka mingi. Ni sehemu ya kazi ya mhariri ambayo hakuna anayeisifia. Kitabu kimeshakamilika, jalada liko kwa msanifu, nafasi iliyobaki ni upana wa vidole gumba viwili, na mwandishi ameleta kurasa mbili za maisha yake. Mhariri anashika wembe.

Anakata nini, anabakiza nini? Wasifu wa jalada unamlenga mwenye duka la vitabu, mwandishi wa habari na jaji wa tuzo. Hawa hawajafungua hata ukurasa mmoja. Wanachotaka kuona ni kwamba kuna watu wengine walishamwamini mtu huyu kabla yao. Tuzo inasema kuna aliyemwamini. Shahada inasema hivyo hivyo, na mwaliko wa miezi mitatu pia. Miaka tisa ya kupanga mafaili ya ofisi haisemi lolote la namna hiyo, kwa hiyo inafutwa mwanzo kabisa, hata kama kitabu kizima kilitoka kwenye hayo mafaili. Ukisoma wasifu ishirini uliopitia wembe huo, utaona watu ishirini wanaofanana kama mapacha, na utadhani maisha yao ndiyo yanayofanana.

Nikiri na kosa langu. Mwandishi mmoja aliwahi kuniletea wasifu ulioanza kwa kusema kwamba alikuwa kondakta wa basi kwa miaka sita. Nikaufuta mstari ule. Nilimwambia haubebi uzito, nikaweka badala yake warsha ya wiki mbili aliyohudhuria. Akakubali, kwa kuwa mimi ndiye niliyeonekana kujua mambo. Siku ya uzinduzi, msomaji wa kwanza kusimama akauliza: hizi sauti za watu wanaobishana huku wameshikilia bomba la basi, umezipata wapi? Mwandishi akageuka akanitazama.

Tangu siku ile, kila nikisoma wasifu wa msanii huwa najiuliza jambo ambalo jalada halijibu: huyu saa zake za kuandika alizitoa wapi, na nani alizilipia? Chukua majina makubwa uyapitishe kwenye swali hilo, uone.

Wasifu wa mtunzi wa muziki Philip Glass utakuambia kwamba alisoma chuo cha muziki cha Juilliard, New York, kisha akaenda Paris kwa mwalimu wa muziki Nadia Boulanger. Ni kweli. Ila yeye mwenyewe amesimulia kwamba aliendesha teksi na kufanya ufundi bomba mpaka alipofika miaka 41. Mwaka 1976 opera yake *Einstein on the Beach* ilionyeshwa katika ukumbi wa Metropolitan Opera, New York, watu wakajaa, na baada ya hapo alirudi kwenye usukani wa teksi kwa sababu onyesho lilikuwa limeacha madeni. Kuna kisa chake ninachokipenda sana. Siku moja yuko kwa mteja, amepiga magoti, anafunga mashine ya kuoshea vyombo. Akasikia mtu ameshtuka nyuma yake. Mwenye nyumba alikuwa Robert Hughes, mhakiki wa sanaa wa jarida la *Time*, na alikuwa amemtambua. Glass akamweleza kwamba ni msanii ndiyo, lakini kwa wakati ule ni fundi bomba, na angeshukuru akiachwa amalize kazi.

Au mchoraji Carmen Herrera. Alizaliwa Havana mwaka 1915, akachora New York miaka na miaka, mistari iliyonyooka na rangi mbili tatu, wala hakuna aliyenunua. Picha yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2004, akiwa na miaka 89. Jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney, New York, lilimwandalia maonyesho makubwa mwaka 2016, akiwa na miaka 101, na aliishi mpaka 2022. Nani alilipia saa zake miaka yote ile? Mumewe, Jesse Loewenthal, kwa mshahara wa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari ya Stuyvesant. Na kwenye shule hiyohiyo, idara hiyohiyo, kulikuwa na mwalimu mwingine aitwaye Frank McCourt, ambaye alistaafu kwanza ndipo akatoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1996, akiwa na miaka 66, na mwaka uliofuata akapata tuzo ya Pulitzer. Mara nyingine nakifikiria chumba cha walimu cha shule ile: chai, daftari za kusahihisha, mmoja ana kitabu kichwani ambacho hajakiandika, mwenzake anasahihisha mitihani ili mkewe anunue rangi.

Kisha kuna George Saunders, ambaye naona anakuhusu zaidi kwa sababu anavunja dhana yako upande wa pili. Shahada unayoionea wivu alikuwa nayo. Alisomea uandishi katika Chuo Kikuu cha Syracuse, baada ya kusomea kwanza uhandisi wa jiofizikia. Alichokosa ni saa. Alikuwa na mke, mabinti wawili wadogo, na kazi ya kuandika ripoti za kiufundi katika kampuni ya uhandisi, na hadithi za kitabu chake cha kwanza nyingi zilipatikana kwa vipande vya muda alivyonyofoa pale pale kazini. Kilitoka mwaka 1996 akiwa na miaka 37. Tuzo ya Booker ilikuja 2017. Kwa hiyo hata ungekuwa na hiyo shahada, dada, bado ungebaki na tatizo lilelile la usiku wa leo.

Toni Morrison alikuwa mhariri wa vitabu New York, analea wanawe wawili peke yake, alipotoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1970 akiwa na miaka 39. Alizoea kuandika kabla ya alfajiri kwa sababu watoto wangeamka na kumwita. Baadaye, watoto walipokua, akagundua kwamba saa ile aliyolazimika kuichagua ndiyo ambayo akili yake ilikuwa safi kuliko saa zote. Khaled Hosseini, daktari aliyefika Marekani mwaka 1980 na familia iliyotoka Afghanistan, naye aliandika alfajiri kabla ya kwenda kuona wagonjwa. Na waandishi wengine wa riwaya: Haruki Murakami alikuwa na baa ya jazi Tokyo. Akishafunga anakaa kwenye meza ya jikoni na kuandika. Arundhati Roy alisomea usanifu wa majengo. Shehan Karunatilaka aliandika matangazo ya biashara. Douglas Stuart alibuni nguo. Mo Yan alitolewa shule angali mtoto, akafanya kazi za shamba na kiwandani, akaingia jeshini. Behrouz Boochani, mkimbizi Mkurdi kutoka Iran, aliandika kitabu kizima kwa ujumbe wa simu, kwa Kifarsi, akiwa amezuiliwa katika kisiwa cha Manus, Papua New Guinea, na mwezi Januari 2019 kitabu hicho kikashinda tuzo kubwa ya jimbo la Victoria, Australia, yeye bado yuko kizuizini.

Na kwetu sisi wa Kiswahili, Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. George Lilanga, ambaye michoro na vinyago vyake vimezunguka dunia, aliingia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kwa kazi ya ulinzi. El Anatsui, Mghana aliyehamia Nsukka, Nigeria, mwaka 1975 kufundisha chuo kikuu, alikuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka ishirini ndipo, mwishoni mwa miaka ya 1990, akaokota mfuko wa vifuniko vya chupa ulioleta yale mapazia makubwa ya alumini yaliyompa jina.

Sijaorodhesha watu hawa ili nikufariji. Nataka uone kwamba hakuna njia moja ya kuanzia. Kitu kinachojirudia kwa wote ni kidogo sana: kila mmoja alikuwa na kipande cha siku ambacho hakuna mwingine aliyekigusa, na alikirudia kwa miaka.

Sasa suala la kuchelewa. Wasiwasi huu hukuuokota hewani. Kuna watu wanautengeneza, hata kama si kwa nia mbaya. Tangu mwaka 1983 jarida la *Granta* la Uingereza limekuwa likitangaza, kila baada ya miaka kama kumi, orodha ya waandishi bora wa riwaya wa nchi hiyo walio chini ya miaka 40. Hakuna orodha inayosubiriwa kwa hamu kiasi hicho ya walioanza baada ya 40. Tuzo ya Turner ya sanaa, ya Uingereza, nayo, kwa miaka mingi ilikuwa na kikomo: aliyefika miaka 50 haingii. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2017, na mwaka huohuo mshindi alikuwa Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, mwenye miaka 63. Hakuwa ameanza kuchora mwaka huo. Alikuwa akifanya kazi tangu miaka ya 1980. Mlango ndio uliokuwa na kufuli.

Na mzaliwa mwingine wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah. Jalada litasema profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Kent na mshindi wa Nobel wa mwaka 2021, na msomaji ataona mtu aliyezaliwa amevaa joho. Aliondoka Zanzibar akiwa kijana baada ya mapinduzi ya 1964, akaanza kuandika akiwa na miaka 21, ugenini. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Kati ya hapo na hapo ni zaidi ya miaka kumi na tano. Wewe unahesabu tangu uzaliwe. Mimi ningehesabu tangu hadithi yako ya kwanza kati ya hizo 11, na kwa hesabu hiyo sioni umechelewa kitu.

Lakini tusidanganyane: walioanzia ndani ya nyumba wana faida. Han Kang wa Korea Kusini, aliyepata Nobel mwaka 2024, ni binti wa mwandishi wa riwaya, Han Seung-won. Simpunguzii kipaji chake hata chembe. Ila mtoto anayekua akimwona mzazi ameinama juu ya karatasi anajua mapema jambo ambalo wengine tunalijua kwa taabu, kwamba kitabu kinaandikwa na mtu mwenye usingizi na bili za kulipa, kwa sentensi mbovu kwanza. Shule ya uandishi pia ina faida yake, na ukiitazama kwa karibu utakuta ni mambo matatu tu: watu wa kukusoma bila kukuonea haya, tarehe za kukabidhi kazi, na majina ya wahariri. Hilo la tatu ndilo gumu kwa mtu wa nje. Mawili ya mwanzo unaweza kuyapata kwa wenzako wawili au watatu wanaoandika, mkikubaliana kila mwezi kila mtu alete kurasa. Wasiwe ndugu zako. Ndugu atakusifu au atajitafuta ndani ya hadithi.

Kuna dhana nyingine, kinyume cha ile ya kwanza, na naiogopa zaidi kwa sababu inapendeza. Ni kwamba maisha magumu yenyewe ni cheti. Kwamba aliyeona damu na misiba ana hadithi tayari. Hapana. Nimesoma miswada mingi ya watu walioyaona makubwa, na kwenye karatasi hayakuonekana. Miaka 17 ya wodini imekupa vitu viwili: mambo uliyoyaona, na jicho la kuona. La kwanza kila muuguzi analo. La pili nimeliona kwenye barua yako, pale uliposema watu wako wanasubiri "kando ya simu". Hukusema wanasubiri habari, umesema kando ya simu. Mtu ameketi kando ya kitu. Huo ndio uandishi, na haukutoka kwenye ugumu wa kazi bali kwenye kutazama.

Niache kazi? Jibu langu ni usiache, angalau si sasa, na nitakupa sababu za kimaisha kabla ya za kisanaa. Nchini Uingereza, ambako soko la vitabu ni kubwa kuliko sehemu nyingi duniani, utafiti uliofanywa kwa chama cha kukusanya malipo ya waandishi, ALCS, mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya waandishi wanaotumia zaidi ya nusu ya muda wao wa kazi kwenye uandishi, yule wa katikati kabisa kwa kipato alipata pauni 7,000 kwa mwaka kutokana na uandishi. Mwaka 2006 ilikuwa pauni 12,330. Hao ndio waliofaulu kuingia. Wengi unaowaona wakiitwa waandishi wa kudumu wanafundisha, wanatafsiri, wanahariri, au wana mwenza mwenye mshahara kama Bibi Herrera. Mshahara wako wa uuguzi ni ufadhili, tena ufadhili usiokuuliza mada.

Kuna njia za katikati, na kila moja ina gharama yake. Kupunguza zamu, kama mwajiri anaruhusu na mfuko wako unaweza kuvumilia pengo, ndiyo ningeijaribu kwanza, kwa miezi sita, halafu upime kwa kurasa zilizoongezeka. Likizo bila malipo inavutia, lakini nimeona wengi wakiitumia mwezi wa kwanza kulala na wa pili kujilaumu. Kuomba nafasi kwenye nyumba za wasanii, zile zinazowaalika watu wakae waandike, inawezekana, na baadhi hupokea watu kwa wiki mbili au tatu tu. Mwenye watoto aulize mapema kama kuna nafasi kwa watoto au posho ya malezi, maana nyumba nyingi hazikuundwa kwa kumfikiria mama. Kwa kifupi, acha kazi siku ambayo kazi ndiyo inazuia kitabu kilichokaribia kumalizika, na una akiba. Usiiache ili ujisikie mwandishi.

Riwaya iliyokwama, nadhani inatokana na aina ya saa ulizo nazo. Hadithi fupi inaweza kuishi ndani ya vipande vya dakika ishirini kwa sababu yote inakaa kichwani. Riwaya haikai. Ukiiacha siku tano, unatumia kipande chote cha siku ya sita kukumbuka nani yuko wapi. Jaribu hivi: kabla ya kufunga daftari, andika mistari miwili ya tukio linalofuata, kwa lugha ya kawaida kabisa, kama unavyokabidhi zamu. Ninyi wauguzi mnajua kukabidhi zamu kuliko sisi waandishi. Mgonjwa wa kitanda cha tatu amepewa nini, nini kinafuata, nini cha kuangalia. Jikabidhi riwaya yako namna hiyo.

Lakini usingizi wa saa nne umenitia wasiwasi. Mimi ni mhariri, si daktari, na wewe unayajua haya kuliko mimi. Hata hivyo umeyaandika kwa wepesi mno. Kama umeanza kusinzia bila kukusudia, kusahau mambo ya kazini, au moyo umekuwa mzito kwa wiki kadhaa, nenda ukaonane na daktari ana kwa ana, kama ambavyo ungemwambia mgonjwa wako. Hadithi inaweza kusubiri wiki nzima. Dripu haisubiri.

Jambo la mwisho kabla ya wasifu ni la siri za wagonjwa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kubadilisha jina hakutoshi. Mtu hatambulikani kwa jina peke yake, anatambulikana kwa mkusanyiko: umri, kazi yake, ugonjwa usio wa kawaida, mwezi, na lile neno alilomwambia dada yake kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Ukiweka vinne kati ya hivyo, familia itajiona. Na kufa kwa mgonjwa hakuifungui siri. Kiapo cha Geneva cha madaktari kinalitamka hilo waziwazi, na wewe kama muuguzi una kanuni zako za siri. Waandishi waliotoka hospitalini huwa wanampasua mgonjwa mmoja kuwa wahusika watatu, wanahamisha jeraha, wanageuza mwanamume kuwa mwanamke, wanabakiza hisia tu. Pitia hadithi iliyokubaliwa kwa macho hayo leo hii. Ukipata hata mstari mmoja unaokutia shaka, usiniulize mimi. Mwone anayehusika na maadili au sheria hapo kazini, au chama chenu cha taaluma, ukae naye na karatasi mkononi kabla jarida halijachapwa. Na iwapo kuna hadithi ambayo kila ukiiandika unatetemeka au unakosa usingizi kwa ajili ya kifo ulichokishuhudia, hiyo ipeleke kwanza kwa mshauri nasaha. Mhariri si tabibu.

Jarida likikutumia makubaliano ya kusaini, tafuta sehemu inayotaja haki. Kuwapa haki ya kuchapisha mara ya kwanza ni kawaida. Kuwapa haki zote, milele, kwa kila lugha na kila umbo, ni jambo la kumwonyesha mwanasheria au chama cha waandishi kabla hujaweka sahihi.

Haya, wasifu wako. Nimeusoma kwa kalamu mkononi. "Chipukizi" lifute, mtu wa miaka 43 mwenye hadithi 11 si chipukizi, na neno hilo linamwomba msomaji akuhurumie. "Kipaji cha kuzaliwa" waachie waseme wengine. "Ndoto ya kuigusa dunia" kila mtu anayo, kwa hiyo haimtambulishi mtu. Lakini neno lililoniuma ni "ingawa". Unaomba msamaha kwa jambo ambalo hakuna aliyekushtaki. Mke na mama nimeliacha pembeni nikisubiri uamuzi wako: ukitaka wanao wajione kwenye jarida, waweke, ni jambo zuri. Ukiwa umewaweka kwa sababu ulidhani lazima mwanamke ajitambulishe hivyo, tazama wasifu wa wanaume kwenye rafu yako uhesabu wangapi walioandika mume na baba.

Na angalia kisichokuwepo. Neno muuguzi halimo popote. Umejifutia mwenyewe mstari wa kondakta, hata kabla ya mtu kama mimi kuufikia.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema "muuguzi wa wodi ya upasuaji", kisha nikaikumbuka ile aya ya siri nikaitoa wodi, maana inampa msomaji kitambulisho kimoja zaidi cha wagonjwa wako. Ikabaki hivi, baada ya jina lako:

*Ni muuguzi kwa mwaka wa 17 sasa, zamu za usiku. Ameandika hadithi fupi 11, karibu zote kuhusu watu wanaosubiri. Hii ndiyo ya kwanza kuchapishwa. Anaandika riwaya.*

Ni maneno 26. Wao waliomba yasiyozidi 60, hawakuomba 60. Rekebisha unavyotaka, ila usirudishe "ingawa". Lala kwanza, ndipo uitume.